Kiti Kirefu cha Mama

Jumanne, Desemba. Moshi mjini.

Jua limewaka tangu asubuhi na mlima umejificha kabisa, kama haupo. Niko ofisini kwa Bwana Harjit, kwenye duka lake la vipuri vya magari, mbele ya kompyuta ambayo inapaswa kuwa inanihesabia mali ya stoo. Badala yake naandika hapa. Bwana Harjit amepita nyuma yangu akajifanya haoni. Ni mtu mwema, siku akitaka.

Situlii. Nimepanga boksi la bolti kwa ukubwa, nikalivuruga, nikalipanga upya. Mteja aliomba filta ya mafuta nikampa ya hewa, akarudi amenuna, na mimi nikanuna zaidi yake ingawa kosa ni langu. Nyumbani, mtaa wa Soweto hapa mjini, nimefua mapazia ambayo hayana hata wiki tangu yafuliwe. Mume wangu aliniambia nikae chini kidogo. Nikamwambia akae yeye.

Mama yangu amelazwa. Hilo kwanza, kwa yeyote anayesoma hapa bila kunijua.

Amevunjika paja la kulia. Hakugongwa na gari, hakuanguka kutoka mtini. Alikuwa jikoni kwake, kwetu Mwika huko mlimani, amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Akainuka, akageuka kuchukua sufuria ya ndizi, na mfupa ukaachia. Anasema alisikia mlio kabla ya kusikia maumivu, akadhani ni kuni.

Ndani ya paja hilo kuna chuma. Miaka michache iliyopita nyonga yake ilikuwa imelika, akawa anaburuza mguu kutoka migombani mpaka zizini, tukamshusha hospitali hapa mjini wakambadilishia. Chuma chenyewe kina kichwa cha duara kinachokaa nyongani, halafu mkia unaoshuka ndani ya mfupa wa paja. Tulishangilia. Alirudi kanisani kwa miguu yake, na njia ya kwenda kanisani kwetu ni mlima mtupu.

Siku ya kuruhusiwa tulipewa masharti. Asibebe mizigo, asijipinde ghafla, na asikae chini sana. Mwambie mwanamke wa Kichagga aliyepika kwa mafiga maisha yake yote asikae chini. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akamshukuru daktari, na mimi kama mjinga nikaamini kwamba amekubali.

Tulimtafutia fundi seremala. Akatengeneza kiti kirefu, imara, chenye mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka. Tukakipeleka mpaka jikoni kwake, tukakiweka kando ya moto, tukamkalisha, akacheka, tukaondoka tumefurahi.

Nilipopanda tena kumsalimia, kiti kilikuwa sebuleni. Chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kimevalishwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

"Kitu kizuri namna hii nikiweke kwenye moshi?" aliniuliza, na alikuwa anashangaa kweli. "Wageni watakaa wapi?"

Tangu siku hiyo kiti kile amekikalia padri, amekikalia katekista, amekikalia mwenyekiti wa jumuiya, na bwana shamba aliyekuja kuangalia mibuni yenye ugonjwa. Aliyetengenezewa yuko jikoni kwenye kigoda, magoti yamegusa kidevu. Nilifoka, nikabembeleza, nikachoka.

Na mimi pia nimekikalia. Kila nikienda, Mama hunipeleka moja kwa moja pale, ananikung'utia kitambaa vumbi, analeta chai kwenye trei. Nikitaka kumfuata jikoni ananirudisha. Binti aliyeolewa ni mgeni kwa baba yake, ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kubishana na hilo. Ila inauma kuletewa trei na mama yako mwenye chuma mguuni wakati wewe umekaa kwenye kiti chake.

Basi. Turudi hospitali.

Mama amelala chali, mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda ili mifupa isipandane. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alitueleza Ijumaa kwa kutuonyesha picha. Mfupa umepasuka pembeni ya ule mkia wa chuma, karibu na ncha yake. Sasa inategemea. Kama chuma bado kimeshika vizuri, wataacha chuma kilivyo, watafunga pleti na nyaya juu ya mfupa, basi. Operesheni Alhamisi, na akiendelea vizuri anaweza kwenda nyumbani kabla ya Krismasi. Lakini kama chuma kilishalegea kabla mfupa haujavunjika, pleti haitasaidia. Itabidi kitolewe na kiwekwe kingine kirefu zaidi, ambacho hapa hakipo, kinaagizwa Nairobi, na hiyo ni habari ya baada ya sikukuu.

Picha, alisema, haisemi wazi. Kwa hiyo akamgeukia mgonjwa.

"Mama, kabla ya kuanguka paja lilikuwa linauma? Hasa ukiinuka, zile hatua za kwanza?"

"Hapana, mwanangu," alisema Mama. "Salama kabisa."

Daktari alirudia swali kwa njia nyingine. Mama alirudia jibu lile lile, akaongeza na tabasamu. Nje, daktari aliniambia kwamba wakifunga pleti juu ya chuma kilicholegea, mfupa utavunjika tena, na hapo hawezi kuahidi kama atasimama.

Nilimsimulia Bwana Harjit. Yeye kila kitu anakipeleka kwenye gari. Akaniuliza kama bolti inacheza ndani ya tundu lake, kuna faida gani kulifunga bati kwa nje. Nilimwambia haichezi, Mama amesema. Akanitazama, akaenda kumhudumia mteja.

Ili ieleweke kwa nini Krismasi, lazima nimtaje mdogo wangu Deo. Deo ndiye kitinda mimba, na kwetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba. Anafanya kazi Mwanza. Mwaka huu, pamoja na Wachagga wengine wote wanaorudi Desemba mpaka mabasi yanajaa, anarudi nyumbani na mke mtarajiwa kumtambulisha. Katika ukoo wetu mkwe hapokelewi sebuleni. Mama mkwe anampeleka jikoni, anamkalisha mbele ya moto, anampa maziwa kwenye kibuyu kwa mkono wake. Bibi alimfanyia Mama hivyo. Mama amekuwa akiusubiri mkono wake ufike kwenye kibuyu hicho tangu Deo alipoanza kunyoa ndevu.

Na moto wenyewe. Tangu Baba afariki Mama anaishi peke yake pale, na kila asubuhi moshi unapanda juu ya migomba. Usipopanda, majirani wanakuja kuuliza. Nyumba isiyotoa moshi, kwake, ni nyumba iliyokufa. Anaiweka hai mpaka Deo, mwenye nyumba, atakapokuja kuichukua.

Nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile niliyopigiwa simu kwamba Mama amevunjika, wazo langu la kwanza halikuwa woga. Niliwaza: sasa atakuja kukaa kwangu Soweto, nitamwona kila siku. Nilifurahi. Ilidumu kidogo tu, halafu woga ukafika, lakini furaha ndiyo iliyotangulia na bado nashindwa kuisahau.

Jana nilipanda Mwika kuangalia ng'ombe na kufunga madirisha. Juu kulikuwa na baridi na manyunyu, tope la mfereji likaniharibia viatu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Moyo uliruka, kwa sababu mwili haukumbuki upesi kwamba mtu hayupo.

Alikuwa Mama Aloyce, jirani wa ng'ambo ya mfereji, amechuchumaa anapuliza moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama. Mgonjwa ameamkaje?"

Nilimweleza. Akasema anawasha kidogo asubuhi, jiko lisipoe. Nikamshukuru, nikaenda zizini. Majani ya ng'ombe yalikuwa yamekatwa na kufungwa mafungu mengi, ya kutosha ng'ombe na jirani zake. Niliporudi nilimuuliza, bila kuwaza lolote, kama tangu Mama aanguke ni yeye anayekata majani yote yale.

Mama Aloyce alitengeneza kanga yake kwa muda mrefu kuliko kanga inavyohitaji.

"Nakata tangu kahawa ilipoanza kuiva," alisema.

Kahawa ilianza kuiva zamani. Kahawa sasa karibu inakwisha mtini.

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikakaa jikoni mle, kwenye gogo la kuni, na Mama Aloyce akanieleza taratibu huku akisukuma kuni. Kwamba paja lilikuwa linamsumbua Mama. Kwamba akiinuka lazima ashike ukuta kwanza, angoje, ndipo ajaribu hatua, na akishatembea kidogo linaachia. Kwamba jioni alikuwa akija kumchua kwa mafuta ya moto. Kwamba Mama alimkataza asiniambie, kwa sababu ningekuja kumchukua na nyumba ingefungwa.

"Usinitaje," alisema. "Ni rafiki yangu tangu tumeolewa huku."

Nilipotoka niliona kitu ambacho kilikuwa pale siku zote. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, usawa wa bega la Mama, ubao ulikuwa mweusi na unang'aa. Masizi na mafuta ya kiganja. Sehemu ile ile, kila siku, mtu alikuwa anasimama ameshikilia mlango akingoja mguu umkubali. Na mimi sebuleni na trei yangu.

Nilishuka mjini na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwa Mama kwa kuficha. Kwa Mama Aloyce kwa kuwa rafiki mwema kupita kiasi. Kwa Deo, ambaye hajafanya kosa lolote ila kuzaliwa mwisho.

Leo mchana nimempelekea Mama mtori kwenye chupa ya chai. Nilimnywesha kwanza. Sikutaka kumuuliza mtu mwenye njaa. Halafu nikasema, "Mama, paja lilikuwa linakuuma tangu kahawa inaiva."

"Nani kasema?"

"Mlango wa jikoni. Alama za mkono wako zimejaa."

Alitazama ule uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Hakukataa. Daktari aliweza kumdanganya, lakini siyo mimi niliyeuona mlango wake.

"Wanifunge hivyo hivyo Alhamisi," alisema. "Niende nyumbani nimpokee mkwe. Baada ya hapo wanifanye wanavyotaka."

"Daktari amesema utavunjika tena."

"Daktari hamjui Deo. Huyo akikuta nyumba imefungwa na jiko baridi, atamwonyesha mke wake nini? Atajenga Mwanza. Ndiyo itakuwa basi."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyaandaa kwenye gari kutoka Mwika, na mengine yalikuwa makali. Nilibaki naifunga na kuifungua chupa ya chai.

"Utamwambia?" aliniuliza.

"Nitamwambia, Mama."

Akageuza uso ukutani. Hakulia wala hakunigombeza. Alisema tu, kwa Kichagga, kwamba nimechukua Krismasi yake.

Daktari nilimkuta kwenye korido anakula karanga. Nikamwambia kila kitu, ila jina la Mama Aloyce. Aliacha kutafuna. Akanishukuru, akasema maumivu ya namna ile ndiyo hasa aliyokuwa anayatafuta, na kwamba Alhamisi wangefungua wakiwa na pleti mkononi tu. Ameifuta operesheni. Chuma kirefu kinaagizwa. Mama atakula Krismasi wodini, mguu ukiwa kwenye kamba.

Nimefanya sawa. Najua nimefanya sawa. Sasa mbona nimerudi dukani, na saa ya kutazama wagonjwa jioni inakaribia, na mimi naomba mteja aje na orodha ndefu ya vipuri ili nichelewe?

Nimejaribu kumpigia Deo, akapokea, nikamweleza. Amesema ataahirisha, watakuja Pasaka. Vocha ikaisha katikati ya neno. Sikuongeza nyingine.

Bwana Harjit amesema niende. Amesema duka halitakimbia. Naenda.

*

Nimerudi. Duka limeshafungwa mbele, Bwana Harjit yuko nyuma anafunga hesabu zake na redio, ameniachia mashine. Mlima umetoka. Umetoka wote, na theluji yake, bila aibu, baada ya kutunyima sura yake siku nzima.

Nilimkuta Mama bado ameelekea ukutani. Nikakaa. Nikamsalimia, akaitikia marahaba kwa ukuta. Nilitoa machungwa, nikamenya moja, nikalila mwenyewe kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Wodi ilikuwa imejaa watu na vyombo vya chakula, kila kitanda kina ndugu zake wanaoongea.

Nikasema Deo ataahirisha mpaka Pasaka.

Hapo akageuka. Kichwa tu, maana mwili hauwezi.

"Asiahirishe," alisema. "Mtoto wa watu ameshaambiwa Krismasi, ameshashona nguo. Waje."

"Atapokelewa na nani, Mama?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la darasa la kwanza.

"Wewe Yasinta huna mikono?"

Nilimwambia mimi ni wa kwingine. Nilimwambia shangazi zetu watasema. Niliyasema hayo yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kanuni, na yeye akaningoja nimalize. Kisha akaanza kunielekeza, macho yamefumba, analiona lile jiko waziwazi. Kibuyu kiko juu ya dari ya kuni, nikisafishe kwa mkaa. Maziwa ya asubuhi, siyo ya jioni. Kuni za mruka zinatoa moshi mwingi, nichukue za kahawa. Niwashe mapema kabla hawajafika ili wauone moshi kutoka barabarani.

"Na usimkalishe kwenye kile kiti kirefu," alisema. "Kile ni cha wageni. Mkwe siyo mgeni."

"Akae wapi?"

"Kwenye benchi dogo, upande wa ukuta, nilipokaa mimi."

Nilijua ninachotaka kuuliza na niliona aibu, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Muuguzi alipita akiwaaga wageni, muda umekwisha.

"Wewe kaa kwenye kigoda changu," alisema. "Mimi sitakikalia tena."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayegawa vyombo. Nilimfunika shuka, nikachukua chupa ya chai, nikatoka. Nilifika mpaka kwenye geti la hospitali ndipo nikalia, na mlinzi akanipa pole akidhani nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa. Akasema basi pole vivyo hivyo.

Sijui chuma cha Nairobi kitafika lini. Sijui kama mguu utakubali mara ya pili, wala kama Mama atapanda tena ule mlima wa kwenda kanisani. Bado situlii, nimeandika haya huku naharibu kalamu ya Bwana Harjit kwa meno. Ila nimeshaomba ruhusa, na amenipa.

Asubuhi napanda Mwika. Nitawasha moto. Halafu nitaingia sebuleni, nitakivua kile kiti kitambaa chake, nitakibeba mpaka jikoni na kukiweka kando ya mafiga, kwenye moshi, mahali pake. Kitamngoja hapo mwenyewe. Padri akija atakaa kwenye benchi.